Kuinua karata mbili kama moja, watu wakiwa wamekuzunguka

Video za kiini macho hupigwa kamera ikiwa mbele. Kijiweni Ujiji mambo ni mengine: wacheza albastini wamekaa duara, wawili wamesimama nyuma ya bega lako, na mtoto anachungulia kwa chini. Kwa hiyo anayeanza namshauri aachane kwanza na kuficha karata kiganjani. Aliye nyuma anaiona yote. Aanze na kuinua mbili kama moja.

Shika pakiti kwa mkono wa kushoto: kidole cha shahada mbele, vitatu vingine ubavu wa kulia, gumba ubavu wa kushoto. Gumba la kulia linyanyue kona ya nyuma ya karata ya juu, kisha ya pili, halafu chini yake uegeshe nyama ya ncha ya kidole cha mwisho cha kushoto. Pengo la milimita 2 linatosha. Likizidi, wa nyuma anauona mdomo wazi, kwa hiyo mkono wa kulia uendelee kuufunika ukingo huo. Na pengo liandaliwe mapema, watu wakiwa bado wanacheka. Ukilitafuta baada ya kusema "haya tazameni", umechelewa.

Sasa shika ukingo wa kulia, gumba juu, shahada na cha kati chini, uzifunue mbili kama ukurasa wa daftari. Zinapotua kifudifudi... hapana, uso juu, kidole cha mwisho kidake pengo tena, maana utazirudisha. Hapa ndipo zinapoachana, na sababu karibu kila mara ni kubana: ukizikamua, moja inapinda kuliko nyingine. Legeza. Dawa ninayoiamini ni kufunua karata moja ya kweli, kisha mbili, kisha moja, mpaka mkono usitofautishe. Karata moja haifunuliwi kwa uangalifu wa kubeba yai.

Mchezo wenyewe ni mfupi. Onyesha, tuseme, saba ya kopa (kumbe ni ya pili), zirudishe zote mbili, chukua ya juu peke yake bila kuonyesha uso wake, ichomeke katikati. Gonga pakiti, funua ya juu: saba ya kopa. Mwaka 1922, mjini Chicago, Dai Vernon, bingwa wa kiini macho cha karata, alimchezea Houdini, mwanamazingaombwe maarufu, mchezo wa jamii hii, akitumia karata maalumu, na Houdini hakuung'amua.

Karata zenyewe: za milimita 57 kwa 88 zinamfaa mwenye kiganja kidogo kuliko za 63 kwa 88. Masika ya Kigoma huzivimbisha za karatasi, kona zikagoma kuachana. Ziweke ndani ya kasha lake na ulifunge kwa mpira. Za plastiki hazivimbi, ila huteleza ubavuni na kukuumbua. Ukishakula mgebuka wa mawese, nawa kwa sabuni kwanza, na ukauke.

Wataomba "tena". Rudia mara mbili, si zaidi. Mara ya mwisho mwachie mbishi aichomeke karata mwenyewe, ila mwelekezee mgongo wa karata na umshike mazungumzo, kwa sababu akiugeuza tu uso, ataona si saba ya kopa.