Nani Hukuambia Mkojo Umekubana?

Kibofu kinajuaje kwamba kimejaa?

Kwenye ukuta wa kibofu zimetapakaa ncha za neva, na juu ya ncha hizo kuna vipokezi: protini ndogo mno zinazofunguka kama milango. Mkojo ukiingia, ukuta unatanuka, na kipokezi kiitwacho PIEZO2 kinafunguka. Utando wa ndani nao humwaga kemikali ya ATP, ambayo hudakwa na kipokezi kingine, P2X3. Taarifa hupita sehemu ya chini ya uti wa mgongo, kisha hupanda ubongoni. Mtu mzima huanza kuhisi mkojo ukifika mililita 150 hadi 200 hivi. Wengi huvumilia hadi 400 au 500.

Kipokezi cha PIEZO2 kisipofanya kazi inakuwaje?

Wapo watu wachache waliozaliwa na PIEZO2 isiyofanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba baadhi yao wanaweza kumaliza siku nzima bila kusikia haja, kwa hiyo huenda chooni kwa kuangalia saa. Ardem Patapoutian, mmoja wa wanasayansi waliogundua kipokezi hiki, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na David Julius.

Kwa nini nikiwa na UTI naenda chooni kila mara, na yanatoka matone tu?

Umewahi kukata pilipili kisha ukajisahau ukashika jicho? Ule moto unapitia kipokezi cha TRPV1, ambacho Julius alikigundua kwa kuchunguza ukali wa pilipili. Kibofuni nako kipo, kwenye neva nyembamba ambazo siku za kawaida huwa kimya. Kibofu kikivimba kwa maambukizi, neva hizo huamka na kupiga kelele hata kama mkojo ni kidogo. Haja unayoihisi ni ya kweli kabisa, ila kibofu hakijajaa. Usijilaumu; nenda ukapime mkojo.

Nina kisukari. Siku hizi nakaa tangu asubuhi hadi jioni bila kubanwa. Si ni nafuu?

Hapana, ndugu yangu, na hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Anayebanwa kila saa huenda hospitali kwa sababu anateseka. Wewe huteseki, kwa hiyo unakaa nyumbani. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva za kibofu kama inavyotia miguu ganzi. Kibofu kinatanuka kimyakimya, misuli inalegea, na ukikojoa mkojo mwingine unabaki. Mkojo uliotuama huzaa maambukizi, na shinikizo likirudi juu figo huumia. Nenda chooni kila baada ya saa tatu au nne, uhisi usihisi. Kliniki ya kisukari mwambie daktari waziwazi, na omba upigwe ultrasaundi baada ya kukojoa, ionekane kiasi kilichobaki.

Mama yangu hanywi maji kabisa akijua atapanda basi. Je, inasaidia?

Kidogo, tena kwa gharama. Mkojo mzito wa rangi ya chai unaweza kukiwasha kibofu na kumzidishia haja. Anywe kidogo kidogo, apunguze chai na kahawa, aende chooni kabla ya kupanda. Kibofu chenye haraka hufundishika kwa kuongeza muda wa kusubiri polepole, dakika chache kila wiki, na dawa zipo pia.

Lini nisisubiri?

Ukiona damu kwenye mkojo, ukipata homa na maumivu ya kiuno, ukishindwa kukojoa kabisa, au ukipata ganzi kati ya mapaja, karibu na sehemu za siri. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.