Usinyonye seli moja kuwasha taa za gari la rimoti

Dogo mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara, kaja karakana kwetu hapa chuoni na gari lake la rimoti, gari zuri kabisa, kafunga taa mbele na nyuma na kikamera juu, ila betri imevimba kama andazi. Namuuliza umeme wa taa umetoa wapi, ananionesha ile plagi nyeupe ya balansi, ya chaja kupimia na kusawazisha kila seli, kachomeka waya kwenye pini mbili za mwanzo, yaani seli moja, volti 3.7, maana taa nyeupe zinataka volti 3 na kitu, akaona zinalingana. Hesabu hakukosea sana, pa kuchota ndo alipokosea.

Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili inaandikwa volti 7.4 lakini ikijaa ni 8.4, kila seli 4.2, na zinatakiwa zishuke pamoja. Ukinyonya moja tu kila siku, hiyo inabaki nyuma. Sasa uje uchaji kwa chaja isiyosoma balansi, yenyewe inaangalia jumla, inasukuma mpaka 8.4, kumbe iliyonyonywa iko 3.9 na mwenzie kashafika 4.5! Hapo ndo inavimba, na inaweza kuwaka ndani ya nyumba watu wamelala. Wazazi naomba sana, betri hizi zisichajiwe juu ya godoro wala zisiachwe peke yake, na iliyovimba haichajiwi tena hata kama bado inasukuma gari.

Umeme wa vitu vidogo chota kwenye betri nzima, nyekundu na nyeusi kubwa, upitishe kwenye kibao cha kushusha volti, hivi vya LM2596 vinatosha kwa taa na kamera. Wengine wanafunga 7805, kile kidude cha miguu mitatu cha kutoa volti 5, inafanya kazi ila volti zinazozidi inazigeuza joto, betri ya seli tatu ikijaa ni 12.6, ukitaka 5 kwa ampea moja unachoma wati 7.6 bure, kidole hukiweki pale.

Kibao kikiwa kipya usikiamini. Unga betri tu, kamera bado, weka mita kwenye tundu la kutokea halafu zungusha kile kiskrubu kidogo cha shaba taratibu, unaweza kuzungusha raundi nyingi namba isitikisike, usikate tamaa endelea, ikisoma 5.0 ndo uunge kamera. Taa nyeupe nazo ziunge hapo hapo kwenye volti 5, kila moja na rezista yake ya omu 100, inapata kama miliampea 18, inawaka vizuri tu.

Na fyuzi jamani, ampea 2, kwenye waya wa kwenda kwenye kibao, ikae karibu na betri kabisa. Lipo inaweza kutoa makumi ya ampea kwa mpigo, waya wako mwembamba ukishoti hakuna cha kuizuia, waya unageuka mwekundu na plastiki inayeyuka.

Umeme wa kamera usiuchote kwenye risiva, yaani kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, maana sevo (mota ndogo ya usukani) ikikwama volti zinashuka, risiva inazima na gari linakimbia lenyewe.

Ukishatoka kuchezea mchanga wa Shangani chomoa betri, kagua plagi, chumvi ya huku inaleta ukijani kwenye shaba haraka na ule ukijani ndo unapasha plagi joto. Kama huchezi wiki nzima iache betri kwenye 3.8 kila seli, isiwe imejaa, isiwe tupu.