Mkaguzi wa jiji na safari ya hoja ya ukaguzi

Ofisi ya mkaguzi wa jiji huchunguza jinsi serikali ya jiji inavyokusanya na kutumia fedha za umma, kisha hutoa hadharani ilichokibaini. Haina mamlaka ya kumkamata mtu wala kumfukuza kazi. Inachoweza ni kudai nyaraka zote, kuandika hoja, yaani maelezo ya kasoro iliyobainika, na kuifuatilia hadi ijibiwe kwa vitendo.

Yote hayo yanategemea uhuru. Mkaguzi ambaye ajira yake na bajeti yake viko mikononi mwa anayekaguliwa atasita kuandika lililo zito. Azimio la Lima la 1977, la shirika la kimataifa la ofisi kuu za ukaguzi (INTOSAI), liliweka msingi huo kwa wakaguzi wakuu wa mataifa, na miji huutekeleza kwa njia tofauti: huko Portland, Oregon, wananchi humchagua mkaguzi kwa kura; huko Austin, Texas, mkaguzi huteuliwa na baraza la jiji, si na meneja anayeendesha shughuli za kila siku.

Kuna ukaguzi wa hesabu, unaouliza kama taarifa za fedha ni sahihi, na wa uzingativu, unaouliza kama sheria zimefuatwa. Ukaguzi wa ufanisi huuliza swali gumu zaidi: je, wananchi wamepata kilicholipiwa?

Chukua malipo ya kuweka lami. Mkataba upo, ankara ipo, saini zote zipo. Mkaguzi wa ufanisi haishii hapo; anakwenda barabarani na fundi wa maabara, wanakata vipande vya mviringo kwenye lami sehemu kadhaa na kuvipima. Mkataba ulitaka unene wa milimita 50. Vikitoka vya milimita 35, asilimia 30 ya unene uliolipiwa haipo, ingawa jalada halina kasoro hata moja.

Hoja iliyokamilika hueleza kigezo (milimita 50), hali iliyokutwa (35), sababu, athari na pendekezo. Panapoharibika mara nyingi ni kwenye sababu. Kuandika “uzembe wa watumishi” ni kukwepa kazi. Huenda mhandisi mmoja anasimamia miradi mingi kiasi kwamba anasaini bila kufika, au idara ya fedha hulipa hata vipimo visipoambatishwa. Sababu ikijulikana, pendekezo linakuwa na meno: ankara isilipwe bila ripoti ya vipimo. “Usimamizi uimarishwe” ni pendekezo bovu, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba limetekelezwa.

Kabla ya ripoti kutoka, idara husika hupewa rasimu ijibu kwa maandishi: inakubali au inapinga, nani atarekebisha, na kufikia tarehe gani. Majibu hayo huchapishwa pamoja na hoja. Hapa ndipo uwajibikaji unapoanza kushika, maana sasa kuna cheo cha mtu na tarehe ambavyo diwani au mwandishi wa habari anaweza kuviulizia. Idara ikikataa kutoa nyaraka, hilo nalo huandikwa ndani ya ripoti.

Kisha huja ufuatiliaji, hatua ambayo ofisi nyingi huifanya kwa kulegalega. Idara hujibu “imetekelezwa” na kuambatisha waraka wa kuwakumbusha watumishi. Waraka si ushahidi. Mkaguzi anapaswa kuchukua sampuli ya malipo yaliyofanyika baada ya tarehe iliyoahidiwa na kuona kama kila moja lina vipimo. Asipoviona, hoja inabaki wazi.

Mkaguzi naye hukaguliwa. Viwango vya ukaguzi wa serikali vya Marekani hutaka kazi ya ofisi ipitiwe na wakaguzi wa nje angalau mara moja kila miaka 3. Pia mkaguzi hawezi kubuni mfumo wa malipo kisha akaukagua mwenyewe.

Ukitaka kuipima ofisi ya jiji lako, usihesabu ripoti. Tafuta orodha ya hoja zilizo wazi, uone kila moja imekaa muda gani na inamsubiri nani.