Asili ya gari la spoti: maana yake na jinsi inavyobeba bei

Shemeji yangu anaishi Kisumu, upande wa Mamboleo, na tangu nimjue amekuwa akitafuta Subaru STI, toleo kali la Impreza. Jioni moja alinipigia simu nikiwa hapa Nakuru, sauti imejaa furaha. "Shem, nimeipata. Ni ya buluu, rimu za dhahabu, ina ile mbawa kubwa ya nyuma. Mwenyewe anasema ni orijino kabisa." Nikamwuliza swali moja tu: namba ya chasi inaanza na herufi gani? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kesho atarudi kuangalia.

Swali hilo linahusu asili ya gari. Watu wengi wakisikia neno hili hufikiria nchi gari lilikotoka, kwamba hili ni la Japani na lile la Uingereza. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Asili ni mambo matatu yanayoshikana: gari liliundwa kiwandani likiwa nini hasa, limepita wapi na mikononi mwa nani, na ni kipi kati ya hayo kinachoweza kuthibitishwa kwa chuma au kwa karatasi. La tatu ndilo zito kuliko yote. Probox ya kubeba mboga inapimwa kwa hali yake ya leo: ikiwaka, ikibeba, ikifika sokoni, imetosha. Gari la spoti la mtumba linauzwa pamoja na maisha yake yote ya nyuma, na mnunuzi analipia hata miaka ambayo hakuwepo.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Ferrari 250 GTO. Ziliundwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 48.4. Yapo magari mengine yenye umbo lilelile na injini ya Ferrari ya mitungi 12, yaliyojengwa baadaye juu ya chasi ya 250 GTE, gari la viti vinne la kampuni hiyohiyo. Ukiyapanga mawili uwanjani mtu wa kawaida hatajua lipi ni lipi. Bei zao hata hivyo haziko katika dunia moja, na kinachozitenganisha ni namba iliyogongwa kwenye chuma pamoja na karatasi zinazoifuata namba hiyo tangu siku ya kwanza.

Lakini sisi huku tuna mfano wetu, ulio karibu zaidi na moyo. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Subaru Impreza, na mwaka uliofuata Subaru ikatoa Impreza 22B, milango miwili, matao ya magurudumu yamepanuliwa, injini ya lita 2.2. Soko la Japani lilipata 400. Gari la majaribio lenye namba 000, lililokuwa la McRae mwenyewe, liliuzwa Uingereza mwaka 2023 kwa pauni 480,500. Fundi hodari wa bodi anaweza kuchukua Impreza nyingine ya milango miwili ya miaka hiyo, akapanua matao, akaipuliza rangi ya buluu, akapachika mbawa. Nimeona kazi za namna hiyo na ninaziheshimu kama kazi ya mikono. Ila ukimlipa mtu bei ya 22B kwa gari la aina hiyo, umenunua rangi na bampa kwa bei ya historia.

Sasa turudi kwenye chasi. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo mfupi wa modeli, kistari, kisha namba. Kwa Impreza za kati ya 2000 na 2007, GDB ni STI na GDA ni WRX, ndugu yake mdogo. Zote zina injini ya lita 2.0 yenye turbo, lakini ya STI imejengwa kustahimili zaidi, na giaboksi yake ina gia sita ambapo WRX ina tano. Kwa kizazi cha kuanzia 2014, VAB ni STI na VAG ni WRX S4. Huhitaji kuwa mhandisi kusoma hayo. Fungua boneti, tafuta kibati cha modeli, kisha linganisha na namba iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, halafu na logibuku. Kibati hichohicho kina msimbo wa rangi ya kiwandani, na kwa GDA na GDB buluu ile maarufu ya rali ni 02C. Kikisema rangi isiyo buluu na gari ni la buluu, basi limepulizwa upya, na una haki ya kuuliza kwa nini.

Magari ya Ulaya yanatumia ile namba ndefu ya 17, na herufi tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji. WP0 (mwisho ni sifuri) ni Porsche ya spoti, ZFF ni Ferrari, ZHW ni Lamborghini, SCF ni Aston Martin, WBS ni BMW ya kitengo cha M. Herufi I, O na Q hazitumiki kamwe katika namba hiyo, kwa sababu zinachanganyika kirahisi na 1 na 0. Ukiona O mahali popote, ama mtu amenakili vibaya au kuna kitu kimeguswa.

Usukani nao unasema. Kenya hairuhusu gari la usukani wa kushoto kusajiliwa kwa matumizi ya kawaida, na baadhi ya magari ya spoti hayakuwahi kuundwa kwa usukani wa kulia. Ferrari F40 ni mojawapo. Ford ilianza kuunda Mustang ya usukani wa kulia kiwandani na kizazi cha 2015, na Corvette ya kwanza ya kiwandani ya namna hiyo ni C8. Kwa hivyo Mustang ya 2008 yenye usukani wa kulia imebadilishwa na fundi mahali fulani. Huenda kazi hiyo ilifanywa vizuri sana, lakini bei ni lazima ishuke, maana dashibodi, nyaya na mfumo wa usukani vyote vimefunguliwa.

Kuna jambo moja linaloshangaza wanunuzi wa hapa: gari la 2004 linaweza kuuzwa ghali kuliko la 2016. Sababu ni kanuni ya miaka minane. Gari la mtumba haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mlango huo ukifungwa kwa modeli fulani, zilizomo nchini ndizo hizohizo, na kila inayogongwa pale Salgaa au kuliwa na kutu Kisumu inazipunguza. Mitsubishi Lancer Evolution ilikoma kuundwa mwaka 2016 hivi, na hata zile za mwisho kabisa zimeshapita umri wa kuingia. Evo iliyo safi na yenye karatasi kamili, hapa nchini, haina nyingine ya kuifuata bandarini. Ndiyo maana mwenye nayo hana haraka ya kushusha bei, na simlaumu.

Kwa yale yanayoweza kuingia bado, ushuru ndio unaopanga bei, na watu wengi hawajui jinsi unavyopandana. Ushuru wa forodha kwa magari ni asilimia 35. Juu ya jumla ya thamani ya gari na ushuru huo kuna ushuru wa bidhaa, na kwa gari la petroli ni asilimia 25 injini ikizidi sisi (cc, kipimo cha ukubwa wa injini) 1,500, au asilimia 35 ikizidi 3,000. Juu ya yote hayo kuna VAT ya asilimia 16. Viwango hivi hubadilika na bajeti, lakini hesabu inabaki ya namna hiyo. Tuseme thamani ya forodha ni shilingi milioni 3. Nissan GT-R ya lita 3.8 italipa 1,050,000, kisha 1,417,500, kisha 874,800, jumla 3,342,300 kabla ya ada nyingine. Porsche 911 Carrera yenye injini ya turbo ya sisi 2,981 inapita chini ya ule mstari wa 3,000, na kwa thamani ileile italipa 2,872,500. Karibu nusu milioni, kwa tofauti ya sisi 800 hivi! Na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, haifuati risiti yako tu. Inayo orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, ambayo hupunguzwa kulingana na umri. Mtu akikuonyesha gari lililoingia hivi karibuni kwa bei iliyo chini ya ushuru wake wenyewe, usishangilie. Uliza karatasi za forodha.

Upande wa nyuma, kule lilikotoka, karatasi mbili za Japani zina thamani kubwa. Ya kwanza ni ya mnada. Gari hupewa daraja, na mchoro wake hujazwa alama: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pahali palipotengenezwa pakabaki na mawimbi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R au RA lina maana kwamba gari liligongwa likatengenezwa. Mwaka huandikwa kwa enzi za wafalme wao, kwa hivyo H30 ni 2018. Karatasi ya pili ni cheti cha kuliondoa gari kwenye usajili wa Japani ili liuzwe nje, ambacho hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima. Kama cheti kinasema 118,000 na mita iliyo mbele yako inasema 64,000, mita imerudishwa, na hakuna maelezo matamu yatakayobadilisha hilo. Kwa gari la Uingereza, namba yake ya zamani inatosha kufungua rekodi za ukaguzi wa MOT mtandaoni, umbali kwa maili na makosa, mwaka kwa mwaka. Ila kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hivyo lala chini ya gari na tochi kabla ya kusifu viti vya ngozi.

Maisha ya hapa nyumbani nayo ni asili. Eneo letu ni la rali. Tangu mashindano ya dunia ya rali yarudi Kenya, kule Naivasha, mwaka 2021, vijana wengi wametamani Subaru, na baadhi ya zinazouzwa zimeshawahi kushindana. Vua zulia uangalie sakafu kama ina mashimo yaliyozibwa au alama za kulehemu palipofungwa vyuma vya usalama. Gari la rali si gari baya, na kama lina rekodi za mashindano huenda likawa na thamani zaidi. Lililofichwa ndilo tatizo. Usichanganye pia herufi za namba plate na umri: zinaonyesha zamu ya kusajiliwa Kenya, si mwaka wa kuundwa. Na mlio Kisumu, Busia na Malaba mnaletewa jaribu ambalo sisi wa Nakuru tunalisikia kwa mbali: gari zuri la zamani lenye namba za Uganda, bei nusu. Uganda inaruhusu magari kuingia hadi miaka 15, sisi minane. Gari hilo linaweza kuvuka kwa kibali cha muda, lakini likishapita umri halitapata logibuku ya Kenya, na gari lisilo na logibuku ya Kenya huku ni la kutazama tu.

Kupanga bei, basi, mimi hufanya hivi. Naanza na bei ya kile ambacho gari linaweza kuthibitisha. Haliwezi kuthibitisha kuwa ni STI? Nalihesabu kama WRX. Haliwezi kuthibitisha kilomita? Nalihesabu kama limekimbia sana, na natenga pesa za kufungua injini. Injini iliyomo haina namba iliyo kwenye logibuku? Natoa gharama ya kurekebisha rekodi na natoa tena kwa sababu atakayenunua kwangu ataniuliza vilevile. Natoa pia gharama ya umbali. Kutoka Kisumu hadi Nairobi, waliko mafundi wengi wa magari haya, ni kilomita 350 hivi, na gari la chini namna hiyo likikwama hubebwa juu ya lori.

Shemeji alinipigia kesho yake saa nne asubuhi. Chasi ilianza na GDA. Kibati kilionyesha msimbo wa rangi ya kijivu, na giaboksi ilikuwa na gia tano. Muuzaji hakuwa mwongo. Aliinunua hivyo, akaambiwa hivyo, akaamini. Walikaa chini ya mwembe, wakafanya utafutaji wa rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, kwenye simu, wakakuta haina mkopo na jina ni lake. Walishindana kwa bei siku tatu. Mwishowe shemeji alilipa bei ya WRX nzuri, akaondoka nayo, akanunua faili la shilingi hamsini pale sokoni Kibuye. Ukurasa wa kwanza aliuwekea picha ya kibati.