Hofu ya macho ya watu na miwani ya uhalisia pepe: dhana na ukweli

“Watu wenyewe si wa kweli, utaogopa nini?”

Swali hili huulizwa kwa kicheko kila inapotajwa tiba ya hofu ya kijamii, yaani hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa na watu, kwa kutumia miwani ya uhalisia pepe, lakini ni la haki. Umevaa miwani, mbele yako ukumbi umejaa watu waliochorwa na kompyuta, na unajua fika kwamba ukiivua utabaki na ukuta mtupu. Ila moyo hauulizi kama watazamaji wana damu. Mwaka 2002 Mel Slater na wenzake wa London walichapisha jaribio ambamo watu walihutubia hadhira za aina hiyo: moja imetulia, moja imechangamka, nyingine ina dharau. Hadhira ya dharau iliwatia wasiwasi hata wale ambao kwa kawaida kuhutubia hakuwasumbui. Hapo ndipo tiba inapopata pa kuanzia, maana hofu isipokuja hakuna cha kufanyia kazi.

“Miwani ndiyo dawa.”

Miwani inaleta ukumbi tu. Kinachotibu ni kazi ya zamani ya kukabili unachokiogopa hatua kwa hatua, iliyokuwepo kabla kompyuta hazijaingia vyumba vya tiba. Barbara Rothbaum na wenzake walipochapisha utafiti wao wa tiba ya miwani nchini Marekani mwaka 1995, walianza na watu wanaoogopa mahali pa juu. Hofu ya kijamii ilifuata baadaye.

Tazama kikao chenyewe. Mgonjwa amesimama, mtaalamu amekaa pembeni na kibodi yake. Kabla ya lolote anauliza: “Unadhani kitatokea nini?” Jibu: “Sauti itakatika, nitaduwaa, watacheka.” Hofu ni ngapi kwa 100? Themanini. Anaanza kuzungumza. Mtaalamu anabonyeza, na mtu wa safu ya pili anageukia simu yake. Viganja vinaloa, macho yanashuka sakafuni. “Usitazame chini. Mtazame yule.” Hili la macho si dogo. Anayetazama sakafu, au anayesoma karatasi neno kwa neno, huondoka akiamini kwamba sakafu au karatasi ndiyo iliyomwokoa, na hofu inabaki vilevile. Dakika tano baadaye wanarudi kwenye ule utabiri. Sauti ilitetemeka, ndiyo. Haikukatika. Yule wa simu hakupenda hotuba, na hakuna kilichoharibika.

Kisha wanarudia, mara ya pili, ya sita. Kwangu hii ndiyo faida kubwa ya mashine: utampata wapi binadamu wa kukaa akuonyeshe dharau mara sita mfululizo, kwa kipimo unachotaka?

“Haiwezi kushinda watu halisi.” Au: “Imekwisha kuwashinda.”

Kila upande una utafiti wake wa kuinua juu. Page Anderson na wenzake, Marekani, mwaka 2013, walifuatilia watu 97. Waliotumia miwani na waliofanya mazoezi katika kundi la watu halisi walipata nafuu kuliko waliosubiri zamu, na hapakuwa na tofauti kati ya njia hizo mbili. Uholanzi, mwaka 2016, kati ya watu 60, mazoezi na watu halisi yalitangulia. Kanada, mwaka 2017, kati ya watu 59, miwani ikatangulia. Mimi naona tofauti moja ya kuangaliwa: wa Kanada waliitumia miwani ndani ya tiba kamili, inayogusa pia mawazo ya mgonjwa, wakati wa Uholanzi waliacha mazoezi yasimame peke yake. Anayekutangazia mshindi wa jumla anakuuzia kitu.

“Inatia kizunguzungu.”

Wengine hupata. Mara nyingi husababishwa na macho kuona mwendo ambao mwili hausikii. Kwenye mazoezi ya hotuba au usaili umesimama au umekaa, kwa hiyo si tatizo kubwa. Mwenye kifafa amweleze mtaalamu kabla ya kuvaa.

“Basi ninunue miwani, nipakue programu, nijitibu.”

Si wazo la kuchekwa. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta wenye hofu ya kuhutubia wakipata nafuu hata walipojiongoza wenyewe kwa vifaa vya bei nafuu. Lakini hofu ya kuhutubia ni kipande kimoja. Kuna anayeshindwa kupokea simu, kula mbele za watu, au kumwambia mkubwa wake kazini kwamba amekosea hesabu. Nyumbani pia kuna mtego: hofu ikifika kileleni, unavua miwani. Umejifunza kukimbia, na kwa ustadi zaidi kuliko jana.

“Nikiushinda ukumbi wa kompyuta, nimepona.”

Bado. Watu wa kompyuta hawakukatizi katikati ya sentensi kama tunavyofanya sisi, wala hutakutana nao tena kesho. Ndiyo maana mgonjwa huondoka na kazi ya wiki: aulize swali moja kwenye mkutano wa kweli. Kabla hajaingia anaandika kwenye karatasi anachodhani kitatokea. Akitoka, anaandika kilichotokea.