Kabla hujapanda mkonge, uliza korona iko wapi

Anayetaka kuingia kwenye mkonge huanza kwa kuniuliza bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge. Akimaliza hapo huuliza miche inapatikana wapi. Mimi humrudisha nyuma kidogo: kutoka shambani kwako hadi korona ya karibu, ile mashine ya kukwangua majani ili kutoa singa, ni kilomita ngapi? Barabara inapitika masika? Na hiyo korona ina maji ya uhakika kiangazi? Kama majibu hayo hayapo, suala la miche halina haraka.

Sababu iko ndani ya jani lenyewe. Ukipima kilo 100 za majani mabichi ya mkonge, singa kavu utakayopata ni kilo 3 hadi 5 tu. Kilichobaki ni maji, nyama ya jani na ganda lake. Tuseme umepata kilo 4: ili uuze tani moja ya singa, lazima ukate na kusomba tani 25 za majani. Halafu majani hayasubiri. Yakishakatwa yanatakiwa yapite kwenye korona ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu jani likianza kunyauka nyama yake hung'ang'ania singa, mashine haiikwangui vizuri, na singa hutoka na madoa. Madoa hayo hayatoki kwa kuanika wala kwa brashi. Singa imeshashuka daraja, na bei imeshuka nayo.

Ukipita Muheza, Korogwe au Kilosa utaona kwamba wenye mashamba ya zamani walilijua hili vizuri. Kiwanda kiliwekwa katikati ya shamba, karibu na mto, kwa sababu korona hunywa maji mengi ya kuoshea singa. Vijireli vyembamba vikatandazwa hadi ndani ya mashamba kubeba majani. Watu ndio walioletwa kutoka mbali, wale manamba, vibarua wa mkataba, wa bara na wa nchi jirani. Majani hayakupelekwa mbali kamwe. Mkulima mdogo wa leo mwenye ekari zake tano na lori la kukodi anajaribu kufanya kile ambacho hata tajiri mwenye reli hakuthubutu.

Kuna mashine ndogo za kuhamishika zinazofuata majani shambani. Ninazipenda, ila kwa masharti. Nyingi zinalishwa kwa mkono: mwendeshaji hushika jani upande mmoja, anaingiza, anavuta, kisha anageuza. Kasi yake ni ndogo na vidole viko karibu mno na visu. Zinafaa kundi la wakulima waliopakana na walio tayari kupangiana zamu ya kukata. Mtu mmoja peke yake hatairudisha pesa ya mashine.

Basi tuseme korona ipo karibu. Sasa miche.

Mkonge wa kawaida, Agave sisalana, asili yake ni Mexico, na haukufika kwetu kwa wingi. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62. Mkonge huu ni tasa, hauzai mbegu za kupandwa. Unazaliana kwa maotea yanayochomoza ardhini kando ya mama, na kwa vichipukizi vinavyoota kwenye matawi ya mlingoti, ile nguzo ndefu inayobeba maua, maua yakishapukutika. Maotea na vichipukizi vyote ni nakala ya mama. Kwa hiyo mashamba makubwa yaliyofuata, hadi Tanganyika ilipoongoza duniani na nchi kuvuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, yalisimama juu ya mimea inayofanana kama picha za kurudufu. Ugonjwa ukiupata mmoja, na wa jirani hauna kinga tofauti.

Ugonjwa wenyewe upo, na umebeba jina la Korogwe: ni madoa ya majani yanayochafua singa. Kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, ndiko lilikotoka jibu ambalo mashamba mengi bado yanalitegemea, yaani chotara 11648. Damu yake kubwa ni ya Agave amaniensis, na kidogo Agave angustifolia. Chotara huyu hasumbuliwi na madoa ya Korogwe, na maishani mwake hutoa majani zaidi ya 600, wakati sisalana huishia kwenye 200 na kitu hadi 250. Ubaya wake ni ule ugonjwa wa mistari ya pundamilia, unaoletwa na vimelea vinavyopenda udongo wenye maji. Kwenye bonde linalotuama maji, chotara ataoza.

Mahali pa kuchukulia miche ni kwenye kitalu, wala usiyachukue maotea ya shamba la jirani kwa sababu ni ya bure. Maotea hulingana kwa sura tu. Mengine yana miezi mitatu, mengine mwaka, na ukiyachanganya shambani utakuwa na mikonge inayopishana urefu hadi siku ya mwisho, na kila mkato utasumbua. Vichipukizi vya mlingoti vilivyolelewa kitaluni kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu hutoka sawasawa. Chambua kwa ukubwa kabla ya kupanda: wakubwa kipande kimoja cha shamba, wadogo kipande kingine. Punguza mizizi, ondoa majani makavu ya chini, na usizike moyo wa mche.

Nafasi inayotumika zaidi ni mistari pacha: mita 1 kati ya mistari miwili, kisha njia ya mita 4, na sentimita 80 hadi mita 1 kati ya mche na mche. Ukipiga hesabu unapata miche 4,000 hadi 5,000 kwa hekta. Ile njia ya mita 4 huwafanya wengine waone kama ardhi inapotea. Haipotei. Miaka miwili ya kwanza panda humo kunde, maharage au mahindi, na baadaye ndiyo itakayopitisha trekta na wakataji bila kuchomwa miguu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloua mashamba mengi ya mkonge kuliko ugonjwa wowote: imani kwamba mkonge haupaliliwi. Ni kweli mkonge hauchelewi kuzoea ukame. Majani yake hufungua vitundu vyake usiku, hewa ikiwa na ubaridi, na mchana hufunga kuhifadhi maji. Ndiyo maana utauona umesimama kijani pale mahindi yalipokauka. Lakini kuishi si kuzaa. Mche mchanga uliofunikwa na magugu ya sangari hautakufa. Utakaa pale pale, na mkato wa kwanza uliotarajiwa mwaka wa tatu utausogeza hadi wa tano. Palilieni hasa katika miezi 24 ya mwanzo. Na maotea yanayoota njiani yaondolewe yakiwa madogo, kwa sababu yakiachwa yanageuza shamba kuwa kichaka ambacho hakuna mkataji atakayekubali kuingia.

Imani ya pili ni kwamba mkonge hauhitaji mbolea. Kila tani ya singa inayotoka shambani huondoka na makumi ya kilo za kalsiamu na potasiamu. Ukikata miaka kumi bila kurudisha kitu, udongo unakuwa na tindikali, na mmea husema wenyewe: ncha za majani hujikunja na kuwa zambarau kalsiamu ikipungua, na potasiamu ikikosekana utaona kamkanda ka tishu zilizonyong'onyea karibu na kitako cha jani, kisha jani linavunjikia hapo. Dawa ya kwanza ni chokaa. Dawa ya pili umeiacha kiwandani: yale mabaki ya korona, zile sehemu 95 hadi 97 za kila 100. Yaoze kwanza, kisha yarudi shambani. Pale Hale, Korogwe, mabaki hayo yamewahi kuzalisha biogesi ya kufua umeme, na tope linalobaki baada ya gesi bado ni mbolea. Kuyamwaga mtoni, kama ilivyozoeleka kwa miaka mingi, ni kupoteza rutuba na kuua samaki kwa mpigo mmoja.

Kukata. Mkato wa kwanza huja majani ya chini yakishapita sentimita 60 na kuanza kulala. Kata yaliyolala, yaliyosimama yaache. Mkonge mchanga usibakiwe na majani chini ya 20, wengine wanashauri hata 25. Tamaa huanzia hapa: bei ikipanda, mwenye shamba anamwambia mkataji apandishe kisu, na mkonge unaobaki na kifundo cha majani kumi hutumia mwaka mzima kujijenga upya, majani yake yakitoka mafupi. Singa fupi huuzwa kama singa fupi. Kata karibu na shina, ondoa mwiba wa ncha palepale, funga mizigo ya majani 30 ili hesabu isiwe na ubishi. Wakataji wavae mikono mirefu na miwani. Utomvu wa mkonge una vijichembe vinavyowasha ngozi vibaya, na mwiba wa ncha umekwishawatoboa watu macho.

Kuna watu ambao sharti langu la korona haliwahusu. Ukambani mkonge hupandwa kuwa ua wa mpaka, na akina mama huukwangua jani kwa mkono juu ya ubao, wanasokota uzi pajani na kusuka viondo. Hapo jani moja linatosha kuanza kazi. Kwa soko la namna hiyo, ua wa mita mia una maana kuliko ekari tatu zilizo mbali na mashine. Wengine huniuliza kama wanaweza kukamua pombe kama ile ya tekila. Tekila hutokana na Agave tequilana, mmea mwingine, na sukari yake iko kwenye moyo wa shina, ambao huvunwa baada ya miaka kadhaa na mlingoti wake hukatwa mapema ili usiinyonye. Jani la mkonge halina sukari ya kukufikisha huko.

Mwishowe mlingoti hutoka, mita 5 au 6, na mmea ukishatoa maua unakufa. Kwa kawaida ni kati ya mwaka wa 8 na wa 12. Ukiuona unachomoza, kata majani yote yaliyobaki, hayana faida tena kwa mmea. Mlingoti ukikauka ni mwepesi, unafaa kwa ua au dari la banda. Ila shina lisiachwe kusimama. Fukusi wa mkonge, mdudu mharibifu, hutaga na kukua ndani ya mashina yanayooza, kisha huhamia kwenye miche mipya. Yang'oeni, yakatekateni yakauke, na kipande hicho cha shamba kipumzike kwa mazao ya jamii ya kunde na chokaa kabla ya kupanda tena.