Vipande vya kioo cha Keck havipangwi na optiki badilifu
Wengi huamini kwamba vipande vya kioo cha darubini kubwa hupangwa na optiki badilifu, yaani teknolojia ya kufuta mtikisiko wa angahewa. Sivyo. Katika darubini ya Keck I, kileleni mwa Mauna Kea, Hawaii, kioo kikuu chenye upana wa mita 10 kimeundwa kwa vipande 36 vya pembe sita, kila kimoja kikisogezwa na visukumio 3 kwa hatua za nanomita chache. Vihisi 168 vilivyofungwa kingoni hupima kipande kimejiinua au kimeshuka kiasi gani kuliko jirani yake, na kompyuta hurekebisha mara 2 kwa sekunde, kasi inayotosha kabisa, kwa kuwa kinachopotosha kioo hapa ni uzito wake na mabadiliko ya joto. Vihisi hivyo, hata hivyo, havijui mpangilio sahihi ni upi; huo hutafutwa kwanza kwa kuielekeza darubini kwenye nyota na kuchunguza mwanga wake kwa kamera maalumu. Angahewa hubadilika kwa haraka mno, hivyo huachiwa kioo kingine kidogo, chembamba, kinachobadilishwa umbo mamia ya mara kwa sekunde. Darubini ya James Webb ilipangiwa vipande vyake 18 mwaka 2022 huko angani, pasipo hewa yoyote ya kusahihisha.